Otosan na wiki mbili za mapazia

Nilimnunulia baba mkwe krimu ya kuzuia jua, ile ya bei mbaya, nikajiona mkwe wa maana. Nesi akacheka. Krimu huzuia miale ya urujuanimno, alisema, lakini dawa ya saratani aliyochomwa mzee inaamshwa na mwanga huu huu tunaouona. Chupa ipo bafuni mpaka leo, haijafunguliwa.

Otosan, yaani baba kwa Kijapani, ni seremala mstaafu hapa Nagoya. Bia moja tu na uso umemwiva kama nyanya, na bado hakuiacha. Wajapani wengi miili yao haivunji vizuri sumu inayotokana na pombe, na anayeendelea kunywa anauweka umio, mrija wa chakula, hatarini. Wake ukapata saratani. Akapewa mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, uvimbe ukaisha. Mwaka uliofuata kamera ikaukuta tena, mdogo, palepale. Mionzi hairudiwi kirahisi mahali pamoja, na kisu alikikataa katakata.

Ndipo tukaambiwa habari ya mwanga. Kuna dawa iitwayo talaporfini, Japani iliiruhusu kwa kazi hii mwaka 2015. Inaingizwa mshipani, wanasubiri muda wa saa nne hadi sita, kisha daktari anashusha kamera yenye uzi wa leza nyekundu, urefu wa wimbi lake nanomita 664. Mwanga ukiigusa dawa iliyojikusanya kwenye uvimbe, oksijeni ya hapohapo inageuka kuwa sumu ya kuua seli. Mimi nilidhani leza inachoma kama moto wa fundi wa kuchomelea. Wala.

Kazi ilikuwa baada ya hapo. Dawa ilikuwa bado mwilini, kwa hiyo wiki mbili mwanga wa chumbani usizidi luksi 500. Si giza, ni kama taa za ofisini, ila dirisha lilikuwa haramu. Shemeji alileta kipimo cha mwanga, na Otosan akakishika kama alivyokuwa akishika rula: kila kona ya chumba aliipima na kuiandika kwa penseli ukutani. Mama mkwe alinuna.

Wiki mbili zikiisha unatoa mkono juani dakika tano; ngozi isipogeuka nyekundu, uko huru. Lakini ilikuwa Juni, majira ya mvua. Siku nne tulikaa tukilisubiri jua lilelile tulilokuwa tunalikimbia! Siku ya tano likachomoza, akatoa mkono barazani, mimi na saa. Dakika tano zikapita, na kumi. Hakuurudisha ndani.

Agosti picha zikaonyesha tezi moja imevimba karibu na shingo. Kaka yangu wa Tanga akauliza kwenye simu, "Kwa hiyo mwanga umeshindwa?" Haukushindwa. Ndani ya umio kamera iliona kovu safi. Mwanga hufika milimita chache tu, na tezi iko mbali na hapo. Hiyo ni ya kemo, inayosafiri na damu. Daktari alitueleza tangu mwanzo, sisi ndio tulisikia tulichotaka.

Sasa yuko kwenye mzunguko wa pili wa kemo: sisplatini na dripu ya fluorourasili ya siku tano. Nywele hazimsumbui. Kinachomtesa ni kwikwi, usiku kucha. Jana alinipigia saa saba usiku kuuliza kama chai itasaidia. Nikamwambia anywe, ila aipoze kwanza. Akajibu kwikwi, akakata simu.