Nilivyoipanga upya gemu yangu ya ngalawa: apdeti, padi na malipo

Dogo mmoja pale kwenye banda la gemu Mbagala alinionyesha simu yake. Gemu yangu hakuwa nayo tena. "Kaka, wamenitumia mpya, MB 212. Bando lenyewe la wiki nimenunua jana. Nikaifuta." Apdeti ile niliitoa Jumanne usiku kurekebisha rangi ya tanga moja, nikalala nimeridhika. Nikampa pole, nikarudi nyumbani, na usiku huohuo nikafungua kompyuta kutazama uzito ule unatoka wapi.

Ulikuwa unatoka kwenye upepo. Gemu yangu ni ya mashindano ya ngalawa, na kwa mwaka mzima nilikuwa nakwenda Bagamoyo kurekodi pepo za kweli: kaskazi, kusi, matlai na umande, kila mmoja dakika tatu. Nilizihifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, nikiogopa kuziharibu. Sauti ya WAV ya stereo hula karibu MB 10 na nusu kwa dakika, kwa hiyo pepo nne peke yake zilikuwa MB 127. Nilizigeuza kuwa Ogg, faili la sauti lililobanwa, ya kilobiti 96 kwa sekunde, zikashuka mpaka MB 9 hivi. Nikazisikiliza kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu ya bei ndogo kama ile ya dogo. Kusi bado alikuwa kusi.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye jinsi gemu ilivyofungwa. Natumia Godot, injini ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, nayo hukusanya picha, sauti na kila kitu katika faili moja kubwa. Anayepakua kutoka Play Store haumii sana, kwa sababu kule huletewa kilichobadilika tu. Lakini wachezaji wangu wengi hurushiana APK, yaani faili la kusakinishia gemu, simu kwa simu, na huko hakuna kuletewa kipande: rangi ya tanga ikibadilika, mtu anabeba mzigo wote upya. Nikaligawa faili. Mwili wa gemu ukabaki MB 24, na kila shindano likawa faili lake la MB 5 au 6, linalorushwa kwa rafiki bila intaneti kabisa. Kazi hiyo ilinichukua wiki sita, na hakuna mchezaji aliyeona kitu kipya kwenye kioo chake. Ningeambiwa niifanye tena, ningeifanya kesho.

Baada ya hapo nikaacha kutoa apdeti kila wazo linaponijia. Sasa kubwa ni mbili kwa mwaka, moja kaskazi inapoanza, nyingine kusi ikikaza. Marekebisho madogo yanangoja mwisho wa mwezi yatoke pamoja. Kinachotoka siku hiyohiyo ni kosa linalozima gemu au linalogusa hela ya mtu.

Padi, vile vidhibiti vya gemu vya kushika kwa mikono miwili, ndizo zilizonifundisha zaidi. Gemu ilizaliwa kwenye kioo cha kugusa: kidole cha kushoto usukani, cha kulia kamba ya demani, ile ya kukaza na kulegeza tanga. Mwenye banda akaniambia wazi kwamba wateja wake hawatoi hela kuja kusugua kioo, wanataka kushika padi mbele ya TV. Yeye ana kisanduku cha Android kilichounganishwa na TV na padi mbili za waya. Nikaanza na padi nzuri ya kuazima. Kitufe cha nyuma cha kulia, kile cha kuvuta kwa kidole cha shahada, kinajua umekivuta kiasi gani, nikakifanya ndiyo demani. Ukivuta nusu, tanga linakaza nusu. Ukiachia, linalegea.

Nikaipeleka Bagamoyo kwa mjomba, ambaye amevua kwa ngalawa tangu sijazaliwa. Nilimwamkia, nikamwekea padi mikononi, nikamwambia kidole hiki ndiyo kamba yako. Mara mbili alipinduka. Mara ya tatu upepo ulipopiga kwa ghafla, nikaona kidole chake kinaachia kidogo, kidogo tu, na ngalawa ikanyanyuka ikaendelea. Hakuwa anatazama padi. Macho yalikuwa kwenye mdomo wa tanga, kama akiwa baharini. Nilijua hapo kwamba kitufe nimekichagua sawa.

Nilipofika bandani mambo yakawa mengine. Padi za bei ya chini, ambazo ndizo zilizoko mabandani, kitufe chake cha nyuma hakijui nusu. Kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Watoto wakigusa, tanga linakaza lote kwa mpigo na ngalawa inalala. Suluhisho nililolipata ni muda: kwenye padi ya namna hiyo, kadiri unavyoshikilia kitufe ndivyo kamba inavyoingia polepole, na ukiachia inatoka polepole. Gemu yenyewe inatambua. Ikiona kitufe hakijawahi kutoa namba iliyo kati ya 0 (kimeachiwa) na 1 (kimevutwa chote), inahamia huko bila kumuuliza mtu.

Kijiti cha usukani nacho kilinisumbua. Kwenye mpangilio niliokuwa nao, kijiti kilihesabiwa kimesogea baada ya kupita 0.5, yaani nusu ya safari yake, na usukani wa ngalawa hauendeshwi hivyo. Nikashusha hadi 0.1. Padi zilizochakaa zikaanza kuigeuza ngalawa zenyewe bila mtu kugusa. Sasa gemu inapofunguka hupima kijiti kikiwa kimetulia, halafu inaweka kiwango kulingana na uchakavu wa padi hiyo. Na maelekezo yangu hayaandiki A wala X, kwa sababu A ya Nintendo iko kulia wakati A ya Xbox iko chini, na padi za sokoni zina chapa yoyote ile. Nachora vitone vinne, kimoja kinawaka. Hata mtoto ambaye hajaanza shule anaelewa abonyeze wapi.

Malipo niliyaacha mwisho, na nina sababu. Mwanzoni niliwahi kuuza masanduku ya bahati, shilingi 500 moja, ndani kuna tanga au rangi usiyoijua mpaka ufungue. Mama mmoja akanipigia. "Mwanangu, hii hela ilikuwa ya luku." Mtoto wake alikuwa anaijua namba ya siri ya simu yake, akafungua masanduku 28 kwa jioni moja. Shilingi 14,000. Nilimrudishia zote usiku ule na masanduku nikayaondoa. Baadaye nilisoma kwamba Ubelgiji, tangu 2018, mamlaka yao ya michezo ya kubahatisha ilitamka kuwa masanduku ya kulipia ya aina hiyo yanaangukia sheria ya kamari. Mimi mama yule alikuwa amenitosha. Matangazo pia niliyatoa, maana video ya sekunde 30 inakula bando lilelile nililokuwa nahangaika kuliokoa.

Nilichokiweka ni hiki: mashindano matatu ya kwanza bure, halafu unalipa shilingi 3,000 mara moja, gemu inakuwa yako na apdeti zote zijazo. Kwa toleo la Play Store, vitu vya kidijitali vinalipiwa kwa mfumo wa Google, nao huchukua asilimia 15 kwenye dola milioni moja za kwanza za mapato ya mwaka. Nabaki na 2,550 kabla ya kodi. Lakini wachezaji wangu wengi hawana kadi ya benki, kwa hiyo lipo toleo la nje ya Play Store, unalipa kwa lipa namba kisha unapewa namba ya kufungulia. Namba hiyo inafanya kazi bila intaneti na inafungua simu tatu, ili ndugu nyumba moja wasilipe mara mbili.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nazituma namba hizo kwa mkono, daftari pembeni. Kuna mtu alinitumia picha ya meseji ya muamala, nikampa namba, kesho yake picha ileile ikaja kutoka kwa watu wengine wanne, jina tu limebadilishwa. Tangu hapo sipokei picha. Naangalia taarifa ya muamala kwenye simu yangu mwenyewe, na sasa kuna programu ndogo inayolinganisha kumbukumbu namba na kutuma namba ya kufungulia yenyewe.

Mwenye banda ana malipo yake tofauti, kwa sababu gemu ileile inamwingizia hela kila siku. Yeye analipa 10,000 kwa mwezi, na mwezi ambao banda limefungwa halipi. Tulikubaliana tumekaa kwenye benchi lake, akaandika kwenye daftari lake, mimi kwenye langu.

Apdeti ya kusi imefika MB 11 na haijatoka bado. Inangoja jambo moja ambalo mjomba alilikataa palepale aliposhika padi: kwenye gemu, ngalawa ikigeuka, tanga linahamia upande wa pili lenyewe. "Foromali nani kaivusha?" aliniuliza, yaani ule mti unaobeba tanga. Sasa nampangia kitufe cha kuivusha, na mtu wa pili kwenye padi ya pili ndiye atakayeishika.