Kondoo wekundu wa mzee hawapo tena Chanika

Nimerudi Dar baada ya miaka mingi Kentucky, na kila anayenipokea ananionyesha barabara ya juu pale Tazara, ile ya Ubungo, na treni ya umeme ya kwenda Dodoma. Vizuri, nimevipenda. Kilichoniumiza kipo nyuma ya nyumba ya wazazi, Chanika, ndani ya banda.

Wale kondoo wekundu wa Kimaasai wa mzee wameuzwa wote. Mliokulia pembezoni mwa jiji mnawajua: mkia mnene wa mafuta, nywele fupi, ukitoka shule unatupa daftari, unachukua fimbo na kupotelea nao bondeni mpaka jua linazama. Mafuta ya mikia yao ndiyo bibi aliyotuchulia kifua tukikohoa. Mdogo wangu amewabadilisha na Dorper. "Kaka, wale wa mzee walikuwa hawakui," ndivyo alivyonijibu. Aliyemuuzia alimwapia kwamba kondoo hawa wa Afrika Kusini wanaishi popote.

Nilimshika jike mmoja kichwa, nikashusha kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani kweupe kama karatasi. Chini ya taya pamevimba, ukibonyeza panabaki shimo. Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Hiyo ni minyoo inayonyonya damu, ile inayokaa tumbo la nne; jike lake mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mara nyingi mnyama hata haharishi. Unamwona anakula, asubuhi unamkuta amekauka, majirani wanaanza kutafuta aliyeweka sumu.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na bado haijashuka. Kule Kentucky wafugaji wadogo niliofanya nao kazi wanafuga Katahdin, kondoo wa nywele asiyehitaji kunyolewa. Alianzishwa jimbo la Maine na Michael Piel, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 aliagiza kondoo wa nywele kutoka visiwa vya Karibi akawachanganya na wale wa sufu. Hao wa Karibi nao asili yao ni Afrika Magharibi. Wamarekani wanatoa hela nzuri kupata dume ambalo watoto wake wanastahimili minyoo. Sisi damu ya namna hiyo tulikuwa nayo bandani, tena bila kumlipa mtu, tukaipeleka mnadani Pugu kama takataka.

Simchukii Dorper. Ana nyama, anakua haraka. Lakini alitengenezwa miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi mwenye asili ya Somalia, kwa ajili ya nchi kavu za Afrika Kusini. Nchi kavu! Chanika tuna masika, tuna vuli, na katikati tuna unyevunyevu wa pwani. Tena jambo hili lilishapimwa jirani tu. Miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ambayo leo ni ILRI, ile ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga Dorper na wekundu wa Kimaasai pamoja Diani, pwani ya Kenya. Wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao ilibaki nzuri zaidi, na vifo vya watoto wao vilikuwa vichache. Nani alimweleza mdogo wangu haya kabla hajatoa pesa?

Na ardhi nayo imebadilika. Viwanja vimeuzwa mpaka mlangoni, kila upande ukuta wa tofali. Kondoo hawana tena bonde la kutembea, wanarudi palepale walipokunya jana. Mayai yanaanguliwa, mabuu yanapanda kwenye majani mabichi yenye umande, kondoo anayameza. Kwa hiyo sasa tumeligawa eneo kwa wavu. Wanakaa sehemu moja siku 3 au 4, kisha hawarudi hapo kwa wiki 6 au zaidi. Kwa joto la kwetu mabuu mengi yanakuwa yamekufa, jambo ambalo mfugaji wa nchi ya baridi hulisubiri miezi. Hawatoki mpaka umande ukauke, na hawaachwi wakwangue majani mpaka ardhini. Jioni tunawaning'inizia matawi ya lukina, mti wa malisho.

Dawa ndiyo imetumika vibaya kuliko yote. Albendazoli kila mwezi, kundi zima, kwa kukadiria kwa macho. Hiyo ni kuwafundisha minyoo kuishi na dawa. Pima uzito, nywesha wale tu wenye kope zilizopauka. Ipo kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, ya kulinganisha na rangi ya ndani ya kope, yenye rangi 5 kuanzia nyekundu (1) mpaka nyeupe (5). 4 na 5 ni dawa leo leo, na watoto na majike wenye mimba usiwasubirishe wakifika 3. Anayeumwa kila mara asizalishwe, hata awe na umbo la kupendeza namna gani. Na tafadhali, chakula cha kuku au nguruwe kisiingie banda la kondoo: kina madini ya shaba kuliko ini lake linavyohimili.

Mdogo wangu amekubali tuanze upya. Madume ya Dorper tutayanenepesha, yaende Iddi ya Kuchinja. Ninachotafuta ni majike mekundu yasiyochanganywa, kutoka Simanjiro, Longido au Kiteto, pamoja na dume moja. Mwenye nao aniandikie, na aniambie ukweli mmoja tu: mama zao walipita masika iliyopita kwa dawa au bila dawa. Wa bila dawa nitamlipa zaidi.