Mvua ya Sara, Kisiwani kwa Kasisi Lini

Nilikwenda Vanuatu, nchi ya visiwa katika Pasifiki, kufuata nyayo za marehemu Kasisi Walter Lini, Waziri Mkuu wake wa kwanza, na kisiwani kwake, Pentecost, nilikusudia kulala usiku mmoja tu. Nililala siku tano, kwa sababu uwanja wa ndege wa Sara ni wa majani, na mvua iliyoanza jioni niliyofika iliugeuza kuwa tope ambalo hakuna rubani angethubutu kutua juu yake.

Gharama zilikuwa zimeniudhi tangu mwanzo. Chumba changu cha Port Vila, mji mkuu, kidogo na chenye joto, kilinigharimu kuliko hoteli nzuri ya Dar es Salaam, na dereva wa pikapu aliyenitoa Sara alinidai vatu 6,000 kwa mwendo usiofika saa nzima. Hasira ziliniisha nilipopokewa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyenipa mkeka na kikombe cha chai kabla ya kuniuliza jina.

Mzee huyo alikulia katika New Hebrides, kama Vanuatu ilivyoitwa kabla ya uhuru, visiwa vilivyotawaliwa kwa ubia na Uingereza na Ufaransa tangu 1906, vikiwa na polisi wa aina mbili, hospitali za pande mbili na shule zilizogawana watoto kwa lugha. Mgeni kutoka nje alichagua sheria ya taifa lipi imhusu, lakini mwenyeji hakuhesabiwa kuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa. "Mwanangu," aliniambia, "nilikuwa na shamba la babu zangu, lakini sikuwa na nchi."

Hapo ndipo nilipomwelewa Lini, mzaliwa wa kaskazini ya kisiwa hicho mwaka 1942, aliyepewa ukasisi wa Kianglikana mwaka 1970, na mwaka uliofuata akaanzisha chama pamoja na Donald Kalpokas na John Bani. Chama hicho baadaye kiliitwa Vanua'aku Pati, jina lililobeba neno vanua, yaani ardhi. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Julai 1980, kisiwa cha Santo kilikuwa mikononi mwa waasi wa Jimmy Stevens, na Lini, Waziri Mkuu wa kwanza, aliomba askari wa Papua New Guinea waje kuuzima uasi huo. Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yake kubwa ni kifungu cha katiba kinachosema kwamba ardhi yote ya jamhuri ni mali ya wenyeji wa asili na vizazi vyao.

Mvua ilipopungua kidogo, wanawake wa jirani walitoa mikeka yao ya mkadi. Waliizungusha kwenye gogo, wakaibana kwa vipande vya gamba la mgomba vilivyochongwa michoro, kisha wakaichemsha katika rangi nyekundu. Penye gamba pakabaki peupe. Kwa mikeka hiyo na nguruwe wenye meno yaliyojipinda, watu wa huko hulipa mahari na faini hadi leo. Jumapili, kanisani, nilisikia harufu ya ubani na utaratibu wa misa uleule niliolelewa nao Masasi, nikajihisi kama nipo nyumbani.

Mzee alihuzunika alipofikia miaka ya mwisho. Lini alipatwa na kiharusi mwaka 1987 akiwa Washington, lakini akaendelea kutawala, akiukataa utawala wa Ufaransa huko New Caledonia na silaha za nyuklia katika Pasifiki, hadi chama chake mwenyewe kilipomwondoa mwaka 1991. Alianzisha chama kingine na kuungana na wapinzani wake wa zamani, jambo ambalo mzee hajalisamehe bado. Alifariki mwaka 1999.

Asubuhi ya mwisho, mzee alitembea uwanjani bila viatu, akiyakanyaga majani taratibu kupima tope, kisha akaniuliza ardhi ya kwetu ni ya nani. Nilimweleza kwamba Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake.

"Ukitaka kumzika baba yako, unamwomba Rais?"

Nilikuwa bado namweleza kuhusu kaburi la babu yangu chini ya mkorosho, na jinsi ambavyo hakuna mtu kijijini anayethubutu kuligusa, tuliposikia mngurumo wa ndege.