Hela za baba

Baba alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, nyumbani kwetu Ng'ambo, Tabora. Alikuwa mtu wa gengi la reli, wale wa kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto, na tangu utotoni nilijua kopo lile haliguswi. Senti zenye tundu alizitunga kwenye uzi wa katani, ndogo juu, kubwa chini, kama tasbihi. Za mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu alituonyesha mwenyewe: mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye sumuni. Nyingine, nyeusi tii, alizifunga kwenye kipande cha kaniki na hakutueleza ni za nini.

Arobaini ilipopita, mama alinikabidhi kopo. Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada haijatimia. "Nenda kaziuze, baba," aliniambia. "Hata mwenyewe asingekataa."

Sikujua lolote kuhusu sarafu. Niliamini tu kwamba mnunuzi hupenda kinachong'aa. Usiku ule nilikaa uani na majivu, limau na gunzi, nikaanza na zile za kwenye kaniki. Weusi ulitoka, shaba ikachomoza nyekundu kama sufuria mpya. Nilimaliza nne, mafuta ya taa yakaisha.

Asubuhi nilikwenda kwa sonara sokoni. Akachagua rupia tatu za fedha zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Wajerumani, akazitia kwenye mizani, akanitajia bei kwa gramu. Nilishaanza kukubali, yeye mwenyewe akanizuia. "Kijana, mimi nitaziyeyusha tu. Kuna mzee kaja kutoka Dar, yuko gesti karibu na stesheni, anazikusanya hizi. Muone kwanza." Namshukuru mtu yule mpaka leo.

Mzee alipokea shikamoo yangu, akatandika taulo mezani, akatoa lenzi. Sarafu moja nyeusi aliishika ukingoni kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika yai. Akaniita nichungulie. Niliona taji, mwaka 1916, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na T.

"Hii T unaijua?"

"Hapana, mzee."

"Tabora. Hela hii imezaliwa kwenu, mwanangu."

Akanieleza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu za Ujerumani hazifiki, na Wajerumani walikuwa na askari wa kulipa. Ndipo mafundi wakazipiga wenyewe hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, hadi Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916. Heller wakaziita, sisi tukasema hela. Neno ninalolitamka kila siku nikiomba chenji, na mimi nilikuwa nimelisugua kwa gunzi! Aliniuliza kama hamna ya dhahabu yenye tembo, ile ya rupia 15, maana zilipigwa elfu kumi na sita tu na ushee. Tulilipindua kopo zima. Haikuwemo.

Kisha akafika kwenye zile nne zangu. Alizitazama muda mrefu, akazisogeza pembeni ya taulo. "Nani amezisafisha?"

"Mimi."

Hakunikaripia. Alisema weusi ule ndio umri wake, na ukishautoa haununuliwi dukani.

Alinunua rupia zote tatu kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya sonara, na hela nyeusi sita. Ada ilitimia, na ikabaki nauli ya treni. Zile nne hakuzitaka hata kwa bei ya kutupa.

Nilipomsimulia mama, aliketi kimya, halafu akasema baba alikuwa akiziokota kwenye kokoto, njiani, wakiinua mataruma. Kila aliporudi na moja aliifuta kwa kidole gumba tu, basi.

Ninazo zote nne. Kwenye moja taji limefifia, inabidi uipeleke dirishani kuliona. Siku hizi zimeanza kuingia weusi tena kwenye mkunjo wa ile T, na mimi sizigusi.