Mlango wazi juu ya Dar: picha zisizotikisika kutoka helikopta

Tuliruka kutoka uwanja wa Julius Nyerere saa moja asubuhi. Ukichelewa hadi saa nne, mabati ya Kariakoo na Manzese yameshapata moto, hewa juu yake inacheza, na hakuna lenzi ya kuinyoosha.

Helikopta ilikuwa Robinson R44 ya viti vinne, mlango wa nyuma kulia umeng'olewa. Dirisha lake ni la plastiki: hupindisha picha, huakisi shati lako, na ukitumia kichujio cha polaraiza (kioo cha kupunguza mng'ao) linatoa rangi za upinde wa mvua. Rubani hukaa kulia, nami nilikaa nyuma yake ili tuone kitu kimoja. Kwa hiyo tulipita Ubungo hadi Kunduchi, tukatokea baharini karibu na kisiwa cha Mbudya, ndipo tukashika kusini: jiji kulia, jua mgongoni.

Mifuko ilikuwa mitupu, kamera imefungwa mwilini kwa mkanda, na kikinga jua cha lenzi kimebaki chini. Hili halina mjadala. Kitu kikichomoka huweza kuingia kwenye rafadha ya mkiani, na ikivunjika helikopta haishikiki.

Daraja la Tanzanite nililipiga kwa lenzi ya milimita 50, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde. Kwa milimita 200 nikapanda hadi 1/2000. Tundu la lenzi la f/5.6 linatosha, maana kila kitu kiko mbali, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, niliiachia kamera ijipangie. Heri chengachenga kidogo za ISO kubwa kuliko picha iliyotikisika: chenga husafishika, mtikisiko hausafishiki.

Kosa kubwa ni kuegemea fremu ya mlango. Mtetemo wa injini hupita kwenye kiwiko na kuishia kwenye lenzi. Mgongo usiguse kiti, viwiko vibane mbavu, na lenzi isitokeze nje. Upepo unaipiga kama kofi.

Mbele ya Kivukoni rubani alisimama hewani, na picha za hapo ndizo mbovu kuliko zote, kwani helikopta iliyosimama hutetemeka zaidi. Tulimwomba arudie akienda taratibu, kama kilomita 80 kwa saa. Mnara wa kanisa la Azania Front ukatulia.

Tulipotua nilikuza kila picha hadi asilimia 100. Mistari ikiwa maradufu upande mmoja, shata ilikuwa ya polepole. Kitu kingine kikiwa safi kuliko ulichokilenga, kosa ni la ulengaji. Picha nzima ikiwa imefifia sawasawa, hiyo ni hewa.