Picha za McMinnville: tazameni ukuta wa banda

Wengi wanaobishania zile picha mbili za "kisahani" kinachodaiwa kuruka angani (UFO) alizopiga mkulima Paul Trent karibu na McMinnville, Oregon, Marekani, Mei 1950, wanakuza nakala ya mtandaoni hadi inabaki chenga tupu. Hapo hupati kitu. Mwanaastronomia William Hartmann, kwenye uchunguzi wa Condon (utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kuhusu UFO), alipima negativu zenyewe, yaani filamu halisi. Kitu cheusi kikiwa mbali, hewa iliyo katikati hukipausha. Kikiwa karibu hubaki cheusi. Tumbo la kisahani lilikuwa limepauka, akakadiria kiko zaidi ya kilomita moja. Ila lenzi chafu nayo hupausha weusi vilevile, na tumbo likiwa jeupe tangu mwanzo, hesabu yote imekwenda.

Halafu vivuli. Trent alisema ilikuwa jioni, lakini ukuta wa banda unaotazama mashariki una vivuli vya paa, kama wa asubuhi. Bruce Maccabee, mwanafizikia aliyechunguza picha za UFO, alijibu kuwa ni mwanga wa wingu. Sishawishiki sana: wingu ni pana, kingo za kivuli zingefifia.

Na nyaya zimepita juu ya kitu chenyewe picha zote mbili, kwa hiyo huenda kilining'inizwa hapo kwa uzi! Uzi mwembamba unaweza usitokee kabisa kwenye filamu, kwa hiyo "sioni uzi" si ushahidi.