Pangaboi na Unga wa SDS

Mwaka 2006 Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme, na maabara yetu ya baiokemia iliendeshwa kwa jenereta dogo lililolisha soketi za mezani tu. Taa za dari, kiyoyozi na pangaboi vilingoja umeme wa kawaida. Asubuhi hiyo kazi ilikuwa kuandaa lita moja ya SDS ya asilimia 10, akiba ya jeli za kutenganisha protini ambazo darasa zima lilitarajiwa kuziendesha wiki iliyofuata.

SDS ni sodiamu dodesili salfeti. Ukisoma boksi la dawa ya meno au chupa ya shampuu mara nyingi utaikuta humo kwa jina lake jingine, sodiamu laurili salfeti, na nadhani dharau yote huanzia hapo: watu wanaiona ni sabuni tu. Lakini kwenye shampuu imeshayeyushwa na kuchanganywa na vitu vingine. Kwenye kopo la maabara ni unga mkavu, karibu wote ni SDS tupu, mwepesi kama poda ya mtoto. Ukifungua kifuniko kwa pupa unauona unapaa.

Molekuli yake ina mkia wa kaboni 12 unaopenda mafuta, na kichwa cha salfeti chenye chaji hasi kinachopenda maji. Gramu moja ya protini hushikwa na takriban gramu 1.4 za SDS, ikakunjuliwa na kufunikwa chaji hasi, ndiyo maana umeme ukipitishwa ndani ya jeli protini hukimbia kwa kufuata ukubwa wake. Njia hiyo, kwa namna inayotumika karibu kila mahali, ni ile aliyoichapisha mwanasayansi Laemmli mwaka 1970. Sasa jicho nalo ni protini na mafuta. SDS haijui kama ipo kwenye neli ya majaribio au kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho.

Aliyekuwa akipima ni dada mmoja wa mwaka wa tatu. Gramu 100 ni nyingi kwa ile mizani ndogo yenye vioo pembeni, kwa hiyo alitumia mizani kubwa iliyo wazi pande zote, na meza yake ilikuwa katikati ya chumba. Alivaa koti na glavu. Miwani ya kinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ya jasho. Chumba kilikuwa tanuri bila kiyoyozi. Barakoa hakuwa nayo. Juu ya kichwa chake swichi ya pangaboi ilikuwa imeachwa kwenye namba tano tangu umeme ulipokatika, na hakuna mtu anayekumbuka kuzima kitu ambacho hakizunguki.

Umeme ukarudi.

Unga ulipaa kutoka kwenye bika, gilasi ya maabara aliyokuwa akipimia, na kutoka kwenye kopo lililokuwa wazi kando yake. Sote tulipiga chafya kwa pamoja, kisha ukaja muwasho kooni, wa kuchoma, na kikohozi. Mwenzetu mwenye pumu alitoka mbio bila kuambiwa, na alifanya vizuri. Yule dada alishika macho.

Fundi sanifu wetu, mtu mzima aliyekaa na kemikali miaka mingi, hakupaza sauti. "Zimeni pangaboi. Zimeni moto. Tokeni." Moto aliousema ulikuwa kichomeo cha gesi kwenye meza ya dirishani. Wengi wetu hatukuwa tumetilia maanani kwamba lebo ya kopo ilikuwa na mraba wa rangi ya chungwa wenye mwali wa moto: unga mkavu wa SDS unashika moto, na ukiwa umetawanyika hewani hali ni mbaya zaidi. Lebo za siku hizi zina umbo la almasi lenye mstari mwekundu, mwali uleule, pamoja na alama ya kemikali inayobabua, kwa ajili ya macho.

Hatukuwa na bomba maalumu la kuoshea macho. Kulikuwa na sinki lenye mpira, na maji yalitoka kwenye tangi la juu ya paa, kwa hiyo hayakutegemea pampu. Fundi alimwinamisha dada kichwa upande, akafungua bomba kidogo ili maji yateremke taratibu, kwa sababu maji yenye nguvu nayo huumiza jicho. Yalianzia upande wa pua kwenda nje, ili ya jicho moja yasiingie kwenye lingine.

"Fumbua, mwanangu."

"Mzee, yanachoma."

"Najua. Fumbua hivyohivyo, zungusha mboni."

Akamnyanyua kope kwa kidole, la juu kisha la chini, maana unga hujificha chini ya kope na kuendelea kuyeyuka kwenye machozi taratibu, ukali wake ukiwa juu kuliko mchanganyiko wowote tunaouandaa mezani. Mtu hufikiri ameshaosha, kumbe chanzo kimebaki. Kama angekuwa na lenzi za macho, zingetolewa mara tu zinapolegea. Mmoja wetu akapendekeza maziwa, kama tunavyofanya nyumbani. Mzee akakataa. Kinachosaidia ni wingi wa maji yanayopita na kuondoka nayo; maziwa ya kikombe hayapiti, yanapaka, na si safi kwa jicho lililochubuka. Aliangalia saa ya ukutani hadi dakika 15 zilipotimia, ingawa dada alishasema amepata nafuu kabla ya hapo. Kisha dada akaenda hospitali na karatasi ya usalama ya kemikali mkononi, si kwa maelezo ya mdomo. Daktari alitia dawa ya rangi inayong'aa chini ya mwanga wa bluu, akaona mchubuko wa juu juu kwenye konea ya jicho moja. Ulipona bila kovu.

Tulirudi ndani baada ya vumbi kutua, tukiwa na barakoa na miwani. Mtu akachukua ufagio, akanyang'anywa. Ufagio mkavu unaurudisha unga hewani. Kumwaga ndoo ya maji ni kosa la pili: povu linajaa chumba na sakafu inateleza vibaya sana. Tulitumia karatasi zilizoloweshwa na kukamuliwa, tukapangusa kutoka kingo kuelekea katikati, kila karatasi ikaingia mfukoni mwa plastiki. Sinkini haikwenda, kwa sababu ikiwa nyingi inadhuru samaki na viumbe wengine wa majini. Maji ya kudekia yalikuja mwisho kabisa, kidogokidogo, mara kadhaa mpaka povu likaisha. Mizani ilisafishwa kwa brashi laini, ikakaguliwa kwa jiwe la uzito unaojulikana.

Akiba yenyewe ilitengenezwa siku nyingine, na Mzee alibadilisha utaratibu wote. Hakuna kupima. Aliagiza kopo dogo lililofungwa kiwandani lenye gramu 100 kamili, akaliweka ndani ya kabati la kufyonza hewa, akalifungua humo na kumimina maji moja kwa moja ndani ya kopo, polepole ukutani mwake. Unga ukishalowa haupai tena. Uji ule akauhamishia kwenye bika yenye kama mililita 800 kwa jumla, akalisuuza kopo kwa maji kidogo mpaka hakuna kilichobaki.

Sumaku ya kukorogea aliiendesha taratibu, bila kuacha shimo katikati ya maji, kwani shimo hilo ndilo linalovuta hewa na kuleta povu, na povu linaficha mstari wa lita moja. Akapasha hadi nyuzi 68 mpaka ikawa angavu, akaacha ipoe. pH, yaani kiwango cha uasidi, alipima kwa vipande vya karatasi na kuiweka 7.2 kwa matone ya asidi hidrokloriki. Kipimo cha umeme alikiepuka kwa sababu ncha yake hutoa kloridi ya potasiamu, na potasiamu ikikutana na SDS hugeuka chumvi nyeupe isiyoyeyuka inayoziba ncha. Kwa sababu hiyohiyo usirekebishe pH yake kwa hidroksidi ya potasiamu; utapata mtindi mweupe. Haikuingia kwenye otoklevu pia, ule mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu, ingefura na kumwagika.

Chupa ilikaa rafuni, si kwenye friji. Mara moja mtu aliihifadhi kwenye friji, ikawa nyeupe yote, akataka kuitupa. Haikuwa imeharibika: SDS huganda kwenye ubaridi. Iliachwa kwenye maji ya nyuzi 37 huku kifuniko kikiwa kimelegezwa, ikarudi kuwa angavu kabla ya kipindi kuanza.